Baiskeli ya Mashindano ya Milimani: Ijue Njia Kabla ya Kufungua Pochi

Mashindano yangu ya kwanza ya baiskeli za milimani niliyamaliza nikiwa karibu na mkia, nikisukuma kwa miguu baiskeli iliyokuwa ya gharama kuliko za wengi walionipita. Ilikuwa na shokapu za milimita 160 mbele na nyuma, yaani zinazoweza kubonyea kwa kiasi hicho, tairi pana zenye meno marefu, na breki zilizoonekana kana kwamba zimekusudiwa pikipiki. Baiskeli yenyewe haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyeinunua kwa kuvutiwa na umbo lake, bila kujiuliza njia nitakayoshindania ina vilima vingapi, ina mawe ya namna gani, na muda mwingi nitautumia nikipanda au nikishuka.

Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kutokana na njia. Mwaka 1976, kwenye miteremko iliyo karibu na mlima Tamalpais huko California, vijana walianza kushindana kwa baiskeli za zamani zenye tairi nene, ambazo breki yake ya nyuma ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba grisi iliungua humo na kutoka moshi, na kila baada ya kushuka ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi mpya; kutokana na kazi hiyo shindano likaitwa Repack. Mwaka uliofuata Joe Breeze, mmoja wa washindani hao, alianza kujenga fremu zilizobuniwa mahususi kwa kazi hiyo, kwa kuwa mteremko ulikuwa umeshamwonyesha palipokuwa na udhaifu. Mnunuzi wa leo anafanya vyema akifuata mpangilio uleule: njia kwanza, baiskeli baadaye.

Ukitaka kushindana katika mbio za mizunguko ya nyika, ambazo zimo katika Michezo ya Olimpiki tangu Atlanta mwaka 1996 na ambazo kwa washindani wa daraja la juu huchukua takriban saa moja na nusu, unahitaji baiskeli nyepesi yenye shokapu za milimita 100 hadi 120. Katika enduro, ambako saa huhesabiwa kwenye miteremko peke yake lakini kupanda kunabaki kuwa jukumu lako, shokapu hufika milimita 150 hadi 180. Mbio za kushuka tu hutumia baiskeli za milimita 200, nazo kwa kupanda hazifai kabisa. Baiskeli yangu ya kwanza ilikuwa ya enduro. Mimi nikaipeleka kwenye mizunguko ya nyika, kila kilima kikanidai malipo.

Kwa anayeanza na ambaye fedha zake zina mpaka, rai yangu ni kuchukua baiskeli yenye shokapu ya mbele pekee. Fremu ya shokapu mbili ina maungio, goroli na boliti nyingi zaidi, na inapouzwa kwa bei ya chini ni lazima mtengenezaji awe amebana mahali pengine, mara nyingi kwenye breki, magurudumu au shokapu zenyewe. Afadhali shokapu moja nzuri inayotumia upepo, ambayo unaweza kuirekebisha ilingane na uzito wako, kuliko mbili za springi za chuma zinazodundadunda. Ukishaipata, panda ukiwa na mavazi na maji yako yote, kisha ongeza au punguza upepo hadi ishuke karibu sehemu moja ya tano ya urefu wake wa kubonyea unapokuwa umetulia juu yake. Nimewaona watu wakishindana mwaka mzima kwa mpangilio uliotoka dukani, huku wakilalamika kwamba mikono inakufa ganzi.

Kuhusu kipimo cha fremu nitakuwa mkali kidogo, kwa kuwa hapa muuzaji asiye mwaminifu hupata nafasi ya kumaliza kilichobaki stoo. Herufi zinazoonyesha fremu ndogo, ya kati au kubwa hazina maana moja kwa watengenezaji wote. Tazama jedwali la vipimo, hasa umbali wa mlalo kutoka usawa wa krenki, yaani mhimili wa pedeli, hadi kichwa cha fremu, kwa sababu ndio unaoamua kama utakuwa umekunjamana au umenyooka kupita kiasi unaposimama juu ya pedeli. Kiti unaweza kukipandisha na kukishusha, na shina la usukani unaweza kulibadilisha kwa sentimita chache, lakini fremu isiyo yako haitakuwa yako kwa marekebisho. Urefu wa kiti uanze kuupima kwa kisigino: kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka; kisha ukikanyaga kwa sehemu pana ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaofaa.

Sasa nije kwenye tairi, ambazo nimejifunza kuzithamini kuliko kitu kingine chochote kwenye baiskeli. Kwa miaka miwili nilijaza tairi hadi baa tatu, kipimo cha mgandamizo wa upepo, nikiamini kwamba tairi ngumu huenda kasi. Kwenye lami laini imani hiyo ina ukweli fulani, lakini juu ya mizizi na kokoto tairi ngumu hulirusha kila jiwe hadi mwilini mwako, na nguvu iliyopaswa kukusogeza mbele inaishia kukuinua juu na kukuangusha. Tairi lenye upepo wa kiasi hulimeza jiwe na kuendelea. Nina uzito wa kilo 70 hivi, natumia tairi za upana wa inchi 2.3, na baada ya majaribio mengi nimetulia kwenye baa 1.5 mbele na 1.7 nyuma, ambako uzito ni mkubwa zaidi. Mzito kuliko mimi aongeze, mwepesi apunguze, na kila mmoja abadilishe kidogo kidogo katika njia ileile, akishuka kona ileile mara kadhaa. Ukisikia rimu ikigonga jiwe, umepunguza upepo mno.

Upepo mdogo namna hiyo hauwezekani kwa usalama ukiwa na tyubu, maana tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mpigo. Ndiyo sababu washindani wengi sana hutumia tairi za tyubulesi, yaani zisizo na tyubu, zenye dawa ya kuziba pancha ndani. Dawa hiyo hukauka baada ya miezi michache, jambo nililoligundua katikati ya shindano, nilipotikisa gurudumu lililokuwa likivuja nikasikia utando mkavu ukigonga ndani badala ya maji. Tangu siku hiyo nabeba vipande vya mpira vya kuchomeka kwenye tundu, pampu ndogo, na tyubu moja ya akiba. Pancha haichagui mtu: Mwingereza Tom Pidcock alipata moja katikati ya mbio za Olimpiki za Paris mwaka 2024, akasimama kubadilishiwa gurudumu, akawafukuza waliomtangulia na hatimaye akatwaa dhahabu. Alikuwa na watu waliokuwa wakimsubiri na gurudumu tayari. Wewe na mimi tuna mfuko wa zana chini ya kiti.

Kipenyo cha magurudumu kinajadiliwa kuliko kinavyostahili. Inchi 29 hupita juu ya vikwazo kwa urahisi zaidi na zimetawala mbio za nyika. Mtu wa kimo kifupi anaweza kustarehe zaidi na 27.5, na hapaswi kuona aibu.

Gia zinahitaji hesabu ndogo. Mifumo mingi ya sasa ina sproketi moja mbele, na nyuma kumi na mbili kuanzia meno 10 hadi 51 au 52. Ukiwa na meno 32 mbele na 51 nyuma kwenye gurudumu la inchi 29, kila mzunguko wa krenki hukusogeza takriban mita moja na nusu, na ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita tano na kidogo kwa saa. Hiyo ni kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Ikiwa hata gia hiyo inakushinda, shuka usukume mapema kabla mapaja hayajaungua. Kama inakushinda kila mara, weka sproketi ya mbele ya meno 30.

Breki ziwe za diski zinazosukumwa kwa mafuta, na pedi mpya zisiingie mashindanoni bila kuzoeshwa. Tafuta mteremko mfupi, punguza mwendo kwa nguvu mara ishirini au thelathini bila kusimama kabisa, na utahisi zikianza kushika. Dawa ya kupulizia cheni isifike kwenye diski hata tone; kwa kosa hilo nilitupa pedi ambazo hazikuwa zimemaliza wiki.

Mavazi nitayapitia kwa ufupi, isipokuwa helmeti. Iliyogonga chini katika ajali ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa, kwa kuwa povu lililo ndani hufanya kazi kwa kubonyea na halirudi kama lilivyokuwa.

Kifaa kisichouzwa ni kuikagua njia kwa miguu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Mholanzi Mathieu van der Poel alianguka vibaya mzunguko wa kwanza kwenye jabali ambalo wakati wa mazoezi lilikuwa na ubao wa kushukia, ubao aliodhani bado upo. Mimi hutembea njia yote siku moja kabla, nikisimama pale ninapoogopa, na jioni huamua tairi na upepo kutokana na nilichokiona. Asubuhi napima tena kwa geji ileile, kwa kuwa geji mbili ni nadra kukubaliana. Namba za upepo za kila shindano, pamoja na tarehe niliyotia dawa mara ya mwisho, nimeziandika kwenye utepe uliobandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku langu la zana.