Kuchora jeti za SS 433 ukiwa Kigoma na bando dogo

Dishi la futi 6 juu ya paa, liwe Ujiji au Mwanga, halitaziona jeti za SS 433, yaani mikondo miwili ya gesi inayorushwa angani na jozi ya nyota. Mawimbi yake hayafikishi hata nyuzi 0.001 za joto, wakati kelele ya kipokezi chenyewe ni nyuzi 100 na zaidi. Hela hiyo nunulia bando. Data za antena 27 za VLA, darubini ya redio ya Marekani, zimo kwenye hifadhi ya mtandaoni ya NRAO, taasisi inayoiendesha, na hazilipiwi.

Anza na data za kabla ya 2010, mpangilio A (antena zikiwa zimetawanywa mbali zaidi), masafa ya 5 GHz. Faili zake mara nyingi ni megabaiti makumi au mamia. Za VLA baada ya kuboreshwa hufika gigabaiti makumi. Programu ya CASA, ya kugeuza data hizo kuwa picha, ni bure pia, ila inataka Linux au Mac.

Wengi hukwama kwenye anwani ya nyota. Data za zamani mara nyingi huandikwa kwa B1950, mfumo wa anwani za anga wa mwaka 1950, ambapo SS 433 iko 19h09m, +04°54′. Kwa J2000, mfumo wa mwaka 2000, ni 19h12m, +04°59′. Ukichanganya mifumo hiyo utachora anga tupu na kuilaumu darubini. Halafu 3C 48, chanzo cha kupimia nguvu: katika mpangilio A si nukta, kwa hiyo ipe setjy, amri ya CASA ya kuweka kipimo cha nguvu, picha yake ya mfano, la sivyo vipimo vyote vitapotoka.

Kwenye tclean, amri ya CASA ya kuchora na kusafisha picha, weka pikseli ya sekunde 0.1 ya tao (digrii moja ina sekunde 3,600). Picha ya kwanza itatisha. Tazama karabai za wavuvi wa dagaa usiku: taa moja kali, na michirizi ya mwanga majini ambayo si taa. Kiini cha SS 433 hufanya hivyohivyo, na tclean huondoa michirizi. Simama ukifika mara 3 ya kelele. Ukiendelea, utasafisha kelele na kuzua jeti zisizokuwepo.

Usiunganishe data zilizopishana miezi. Jeti hukimbia kwa asilimia 26 ya kasi ya mwanga, sawa na sekunde 0.008 za tao kwa siku. Miezi miwili inatosha kuvuruga picha.

Ikikaa sawa, utaona parafujo pande zote mbili za kiini, kwa sababu jeti huyumba kama pia ya kuchezea, zamu moja kila siku 162. Pima zamu moja ya parafujo: ni kama sekunde 1.3 za tao. Ukipata 5, rudi ukaangalie ukubwa wa pikseli.