Ukitaka Bharatanatyamu iwe kazi yako, jifunze kuifundisha mapema

Anayeingia Bharatanatyamu, ngoma ya jadi ya India Kusini, akitaka iwe kazi huwaza jukwaa: hariri ya Kanchipuram, wanja, maua ya nywele, njuga miguuni. Lakini waliodumu katika kazi hii huko Chennai, Bengaluru na Mumbai, wengi wao riziki yao hutoka darasani. Jukwaa humpa mtu jina, na mara nyingi humla fedha. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza jifunze kama mtu atakayefundisha: usitosheke kuijua hatua, jua inajengwaje na inaharibikia wapi.

Kila kitu kinaanzia kwenye aramandi, yaani mkao wa nusu kuchuchumaa. Visigino hukaribiana, kukiwa na nafasi ya vidole vitatu hadi ngumi moja kati yake, kutegemea mwalimu. Vidole vya miguu huelekea nje, magoti hufunguka kando, mgongo hunyooka. Kosa linalowamaliza wengi ni kulazimisha nyayo zifunguke kuliko nyonga zinavyoruhusu. Nyayo hutazama pembeni huku magoti yakiangukia mbele, na kila pigo la mguu linalisokota goti kwa ndani. Maumivu huchelewa kuja, ndiyo maana mwanafunzi hudhani yuko sawa. Kipimo ni rahisi: mwanafunzi akiwa katika aramandi, goti lake lielekee upande uleule wa kidole cha pili cha mguu. Lisipofika huko, punguza ufunguzi wa nyayo hadi lifike, kisha fanyia kazi misuli ya nyonga kwa miezi. Usimwaibishe mtu kwa kuwa ufunguzi wake ni mdogo.

Kosa la pili ni kupanda na kushuka. Mguu ukiinuliwa ili upigwe, mwili nao unanyanyuka, kwa sababu mapaja yamechoka na mtu anatafuta nafasi ya kuutoa mguu. Bandika utepe ukutani kwenye usawa wa kichwa cha mwanafunzi akiwa katika aramandi, umtazame kwa mbele: kichwa kikiuvuka utepe kila anapopiga, mkao umekufa. Dawa yake ni kupunguza kasi. Mguu ukunjwe kuelekea nyuma, kisigino kikikaribia makalio, kisha wayo mzima uanguke kwa mara moja, sauti iwe moja. Ukisikia sauti mbili, kisigino na vidole vimeachana.

Kuhusu sakafu hatuna maridhiano. Ngoma hii huchezwa pekupeku na hupiga chini mamia ya mara kwa saa moja. Zege, hata likiwa na vigae au zulia jembamba, huurudisha mshindo wote kwenye miundi, visigino na mgongo wa chini. Tafuta sakafu ya mbao yenye uwazi chini yake. Ukikosa kabisa, punguza muda wa kupiga, na uutumie uliobaki kwa mikono, macho na kuhesabu tala, yaani mzunguko wa mapigo ya muziki.

Tala ndiyo inayomtenganisha mwigaji na mchezaji. Adi tala ina mapigo 8, na huhesabiwa kwa mkono juu ya paja: kofi, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Kabla ya kutumia miguu, tamka silabi za hatua kwa mdomo huku mkono ukishika tala. Adavu, yaani hatua za msingi, hufanywa kwa kasi tatu: ya kwanza pigo moja la mguu kwa kila pigo la tala, ya pili mawili, ya tatu manne. Wanaoanza huiharibu ya pili: badala ya kuongeza mara mbili kamili wanaongeza kidogo tu, halafu ya tatu inakuwa fujo. Metronomu ya simu ikiwekwa mapigo 60 kwa dakika huonyesha hilo papo hapo. Anayeshindwa kasi ya tatu mara nyingi tatizo lake liko kwenye ya kwanza, alikoruhusiwa kuzembea.

Viganja havihitaji haraka. Abhinaya Darpana, andiko la kale la ngoma, linataja alama 28 za mkono mmoja, na mtoto anaweza kuzikariri kwa wiki chache. Kuzishika ndiyo kazi. Pataka, ya kwanza, inaonekana nyepesi: vidole vinne vimenyooka na kubanana, gumba limekunjwa. Baada ya dakika kumi kifundo cha mkono kimelegea na kidole cha mwisho kimejitenga. Andiko hilohilo linafundisha kwamba mkono unapokwenda, jicho lifuate, na jicho linapokwenda, moyo ufuate. Basi fundisha jicho tangu somo la kwanza la mikono. Ukiliacha hadi wakati wa abhinaya, yaani kueleza hisia kwa uso na mwili, utakuta mchezaji anatazama sakafu.

Sasa natuvangamu. Huu ni ufundi wa kuongoza ngoma kwa matoazi mawili, moja la chuma na jingine la shaba, huku ukitamka silabi za miguu. Darasani hutumika kijiti kinachopigwa kwenye kigogo cha mbao. Wanafunzi wengi huuahirisha hadi baada ya arangetramu, onyesho la kwanza la peke yao, kisha wanafungua darasa wakitegemea muziki wa kurekodiwa. Hapo ndipo mambo yanapokwama. Rekodi haimsubiri aliyechelewa, haipunguzi kasi aramandi inapovunjika, wala hairudii mapigo manne ya katikati. Mwanafunzi anajifunza kuukimbiza wimbo badala ya kuishika tala. Anza na kijiti mwaka wa pili au wa tatu: ongoza adavu moja kwa kasi zote tatu bila kuyumba, mwenzako akicheza. Utagundua haraka ni hatua zipi unazijua kwa miguu tu.

Utaratibu wa onyesho kamili uliwekwa sawa na ndugu wanne wa Thanjavur mwanzoni mwa karne ya 19: alaripu, jatisvaramu, shabdamu, varnamu, halafu padamu, javali na tilana. Varnamu peke yake huweza kuchukua dakika 30 hadi 45 au zaidi, ikichanganya miguu mikali na abhinaya. Usikubali arangetramu kabla hujaweza kuicheza yote mazoezini ukabaki na pumzi ya uso. Uso ukikaza kwa uchovu, nusu ya varnamu imepotea.

Na ijue historia unayoirithi. Ngoma hii ilihifadhiwa na wanawake wa mahekalu na majumba ya wafalme, na walimu wa kiume wa koo hizohizo. Sheria ya Madras ya 1947 ilipiga marufuku kuwaweka wasichana wakfu kwa mahekalu, na kufikia hapo ngoma ilikuwa tayari imeanza kuhamia kwa tabaka nyingine. Rukmini Devi Arundale alianzisha Kalakshetra, shule ya sanaa iliyoko Chennai, mwaka 1936; mchezaji Balasaraswati, aliyetoka katika ukoo wa urithi, alibaki kielelezo cha abhinaya hadi kifo chake mwaka 1984. Mwalimu anayewafuta watu hao katika masomo yake anafundisha ngoma iliyokatwa mizizi.

Kuhusu njia rasmi: Kalakshetra hutoa diploma ya miaka 4 ya kutwa, na baraza la uhusiano wa kiutamaduni la serikali ya India, ICCR, hutoa ufadhili kwa wageni, wakiwamo Waafrika, wanaotaka kusomea ngoma na muziki huko. Kwa raia wa India, kupimwa daraja na Doordarshan, televisheni ya taifa, husaidia kupata maonyesho.

Ukianza kufundisha, usionyeshe kila hatua kwa nguvu zote katika kila darasa. Madarasa manne kwa siku, miaka mitano, na magoti yako yamekwisha. Onyesha mara moja sawasawa, kisha keti, shika kijiti, tumia sauti. Unapoonyesha, wape mgongo. Ukiwakabili, wadogo watachanganya kulia na kushoto. Kwa wanaoanza, watu 10 wanatosha, maana lazima uyaone magoti ya kila mmoja.

Onyesho lenye muziki wa moja kwa moja linahitaji mwenye matoazi, mwimbaji, mpiga mridangamu (ngoma ya kupigwa pande mbili), na mpiga fidla au filimbi. Kila mmoja hulipwa kwa mazoezi na kwa siku yenyewe, na safari huwa juu yako. Wakati wa msimu wa Desemba wa maonyesho ya muziki na ngoma mjini Chennai wapigaji wazuri huchukuliwa mapema, na kuna majukwaa yanayomtaka mchezaji achangie gharama. Andika makubaliano kabla ya zoezi la kwanza: idadi ya mazoezi, malipo, nani analipia usafiri, na nini kitafanyika onyesho likiahirishwa.