Mbuzi "ilihesabu", sufuria "alikasirika"

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 6 hapa Umoja, Nairobi. Niliwapa wanafunzi insha ya kubuni: akili unde (AI) imeingia katika mifugo na vyombo vya nyumbani. Mmoja akaandika, "Sufuria alikasirika kwa kuachwa motoni." Mwingine, "Mbuzi ilihesabu pesa za mnunuzi." Nimemkosoa wa sufuria. Je, chombo kikipata akili, hakiingii ngeli ya A-WA, ile ya "mtu amekuja, watu wamekuja"?

JIBU: Mwalimu, umemkosoa wa sufuria ukampitisha wa mbuzi? Hapo umenichoma.

Jumamosi nilikuwa soko la mbuzi la Kiamaiko, kando ya beberu mweusi aliyekaza miguu yote minne. Kijana aliyeshika kamba akamwambia mwenzake, "Hii imekataa kutembea." Imekataa! Mnyama anahema, anamtazama mtu usoni, naye anatajwa kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Ndivyo Nairobi inavyosema siku hizi: "hii mbwa inauma", "paka imekula nyama", na juzi kwenye matatu nikasikia "mtoto inalia". Mtoto! Chanzo kimoja nakijua. Katika Gikuyu, kwa mfano, mbuzi hufuata ngeli ya jina lake, na msemaji huja na mazoea hayo. Lakini kwa mtu au mnyama, Kiswahili hakiangalii umbo la jina, humwangalia mwenyewe aliyetajwa. Kipepeo ana ki- mwanzoni, hata hivyo anaruka. Kiboko amelala. Kijana amefika. Wala msinijie na "rafiki yangu": hicho ni kimilikishi tu, kitenzi chake ni "amekuja".

Sasa sufuria. Akili ni neno tulilopata kwa Waarabu, na unde limetokana na kuunda. Akili haijawahi kukiingiza kitu katika A-WA. Kikokotoo kinajumlisha haraka kuliko sisi sote na bado ni "kinajumlisha". Redio imesema nasi tangu utotoni, hakuna aliyewahi kusema "redio amesema". Friji ikijua kwamba yamebaki mayai 2, ni "imejua", si "amejua". Hata uhai peke yake hautoshi, maana mti unaishi na bado "umekauka". A-WA ni ya watu, wanyama na wadudu, pamoja na Mungu, malaika na mashetani.

Ila hiyo ilikuwa insha ya kubuni, na msimulizi ana haki zake. Tunategana kitendawili, "Kuku wangu katagia mwibani." Jibu ni nanasi. Maadamu tunaliita kuku, ni "wangu". Kikishateguliwa, nanasi "limeiva". Mtoto aliyeifanya sufuria mhusika, ikakasirika na kununa kama mtu, anaweza kuandika "alikasirika", mradi asibadilishe katikati ya hadithi.

Kama alishikilia hivyo hadi mwisho, mrudishie alama yake. Kisha chukua kalamu nyekundu, urudi kwa yule wa mbuzi, umwandikie kwa herufi kubwa: ALIHESABU.