Nani Huhesabu Nafasi za Shule?

SWALI: Nilipompeleka mjukuu wangu kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu aliandika jina lake kwa penseli pembeni ya daftari, akasema madawati yamejaa. Je, halmashauri hupata habari hizi? — Msomaji, Chamwino.

JIBU: Inapaswa kuzipata, bibi. Mwalimu mkuu hupeleka hesabu ya walioandikishwa kwa Afisa Elimu Kata, naye huifikisha kwa Afisa Elimu wa halmashauri, ambaye hukusanya takwimu za kata zote na kuziwasilisha mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, hapo Dodoma. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 uandikishaji uliongezeka sana, na ndiyo maana maoteo ya watoto wanaotarajiwa huandaliwa kabla ya Januari. Udhaifu, kwa maoni yangu, uko kwenye hiyo penseli: jina lisiloingia rasmi halihesabiki, na upungufu wa madarasa huonekana mdogo kuliko ulivyo. Omba aandikishwe kwa wino, na ukikataliwa, mwone Afisa Elimu Kata. Diwani wako pia anaweza kuliuliza jambo hili katika Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza.