Bwana Mifugo Anajibu: Farasi wa mgodini walikuwa vipofu?

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni dereva wa lori, nabeba makaa ya mawe kutoka Ngaka. Utingo wangu anasema Wazungu zamani waliwashusha farasi migodini wangali watoto, wakakaa gizani mpaka wakapofuka, wakafia humohumo. Nimembishia, tumewekeana soda. Nani anywe?
Dereva, Mbinga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kunywa wewe, ila umbakizie utingo robo chupa, maana hakusema uongo mtupu.

Farasi walishushwa kweli, hasa Uingereza. Sheria ya 1842 iliwakataza wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi mgodini, basi kuvuta makaa kukazidi kuwaangukia farasi wadogo, poni. Mwaka 1913 walikuwa kama 70,000. Penye shimo la kwenda chini wima, mazizi yalikuwa hukohuko chini, kuta zimepakwa chokaa, na wengi waliliona jua siku za likizo ya mwaka tu. Penye mgodi wa mteremko walirudi nje kila siku, kama ng'ombe wako.

Wapo waliofia humo, kwa kuangukiwa na dari au kugongwa na matoroli. Lakini giza peke yake halimpofui farasi. Hatari ilikuwa vumbi na kujigonga, ndiyo maana walivalishwa kofia ya ngozi yenye kukinga macho. Sheria ya 1911 ilikataza farasi kipofu asifanyishwe kazi chini, wala asishushwe yeyote kabla hajatimiza miaka 4. Tena ilitaka saisi mmoja kwa kila farasi 15. Kumi na tano! Mimi nilipewa tarafa nzima na pikipiki bovu.

Na mwambie utingo hiyo “zamani” si ya mbali hivyo: farasi aitwaye Robbie alistaafu mwaka 1999 kutoka mgodi mdogo wa Pant y Gasseg, Wales.

Ninalolipenda mimi ni hili. Wachimbaji wazee husimulia kwamba poni aliyezoea kazi alisikiliza minyororo ya matoroli ikikazika nyuma yake, moja baada ya nyingine. Ukimwongezea toroli moja juu ya mzigo wake wa kawaida, hasogei, umpige usimpige. Wewe na mizani ya barabarani mnajuana, sina la kuongeza.