Mguu wake unarukaruka kwenye grafu

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Iten. Mimi ni kocha wa mbio za mita 1,500. Nimembandika mwanariadha wangu alama tatu, nyonga, goti na kifundo cha mguu, nikamrekodi kwa simu fremu 240 kwa sekunde. Pembe ya goti inatoka vizuri. Nikitafuta mchapuko wa kifundo, yaani kasi yake inavyobadilika, grafu inakuwa meno ya msumeno, inapita mita 200 kwa sekunde mraba. Nirekodi kwa fremu nyingi zaidi?

JIBU: Hapana, kocha, utazidi kuharibu. Tuseme programu inakosea mahali pa alama kwa milimita moja tu: fremu hii mbele, ijayo nyuma, ya tatu mbele tena. Kwenye pembe ya goti hutaliona kosa hilo. Mchapuko, lakini, unatafutwa kwa kutoa mara mbili (mahali kwa mahali, kisha tofauti kwa tofauti), halafu unagawanya kwa mraba wa muda kati ya fremu. Milimita zako zimeshakuwa nne. Zigawanye kwa mraba wa 1/240, unapata kama mita 230 kwa sekunde mraba. Na mguu wala haujasogea! Kwa fremu 100, kosa hilohilo lingezaa 40.

Chuja kwanza, kokotoa baadaye. Kichujio cha Butterworth, hesabu inayolainisha mitikisiko ya haraka kwenye data, kinatosha. Kwa kutembea wengi huanzia mpaka wa hezi 6, yaani mitikisiko sita kwa sekunde; ya haraka zaidi hupunguzwa. Kwa mbio mimi huanzia 10 au 12, kisha naangalia macho yananiambia nini. Pitisha data kwenda na kurudi, la sivyo grafu nzima itachelewa na goti litakunjika baada ya wakati wake. Ukichuja mno, nao ule mshindo wa mguu kugusa ardhi utafutika.

Sasa nami nikuulize: alama ya nyonga uliibandika juu ya kaptura? Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Wiki mbili nilihangaika na hesabu, hadi nilipopima umbali kati ya nyonga na goti kwenye kila fremu: paja lilikuwa linarefuka sentimita nne kila hatua. Mfupa gani huo? Kitambaa kilikuwa kinapepea. Hata ngozi yenyewe huteleza juu ya mfupa, ila si kiasi hicho. Paja pia "hufupika" kamera isipokaa ubavuni kwake sawasawa.

Mvalishe taitsi, rekodi upya, unitumie urefu wa paja fremu kwa fremu. Grafu ya mchapuko isubiri.