Jeli Imetoka Tupu? Anza Kuchunguza Shaba: Ushauri wa Kuunganisha Alkaini na Azaidi Kwenye Protini za Seli

Jeli ya kutenganishia protini ikitoka tupu baada ya kuunganisha rangi na probu (molekuli ndogo inayonasa protini), usikimbilie kuilaumu probu. Mara nyingi probu ilishashika protini zake vizuri kabisa, na kilichokwama ni kichocheo, yaani shaba. Mmenyuko huu ukikataa, swali la kwanza la kujiuliza ni moja: shaba yangu iko katika hali gani, na nani ameishika?

Mpangilio wenyewe ni wa hatua mbili. Kwanza unaweka probu ndogo kwenye laiseti, yaani kimiminika cha seli zilizopasuliwa. Mfano mzuri ni iodoasetamidi yenye mkia wa alkaini (kaboni mbili zilizofungwa kwa bondi tatu), ambayo hushika sisteini, asidi amino zenye salfa, zilizo wepesi kumenyuka. Mkia huo ni mdogo sana, hivyo hauizuii probu kuingia ndani ya mfuko wa protini. Hatua ya pili ni kuunganisha rangi yenye azaidi (nitrojeni tatu kwa mstari) kwenye mkia huo, na kinachozaliwa ni pete imara ya triazoli. Bila kichocheo, alkaini na azaidi huhitaji joto na muda mrefu ndipo ziungane. Shaba(I) huharakisha mmenyuko huo takriban mara milioni kumi, ukaenda kwenye maji, katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 2002 jambo hili liligunduliwa na makundi mawili yaliyofanya kazi kila moja kivyake, la Morten Meldal nchini Denmark na la Valery Fokin na Barry Sharpless nchini Marekani. Meldal na Sharpless wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2022 pamoja na Carolyn Bertozzi.

Kabla hujaagiza kemikali, amua nani abebe nini. Weka alkaini kwenye probu na azaidi kwenye rangi. Ukigeuza, rangi yenye alkaini utalazimika kuiweka kwa wingi, na alkaini ikishakutana na shaba huweza kunasa kwenye thioli (vikundi vya salfa na hidrojeni) za protini zisizohusika. Matokeo yake ni mistari mingi ya uongo kwenye jeli. Kosa hili halirekebishiki baadaye kwa kuosha, kwa hiyo lizuie mapema.

Kemikali za akiba

Salfeti ya shaba yenye maji matano: pima miligramu 50, yeyusha katika mililita 10 za maji safi, upate milimola 20 kwa lita (vipimo vya milimola na maikromola hapa vyote ni kwa lita). Hii inakaa miezi bila shida. THPTA, ligandi (molekuli inayoishika shaba) inayoyeyuka kwenye maji: miligramu 21.7 kwa mililita 1 ni milimola 50. Gawanya kwenye vichupa vidogo na uvigandishe. Aminoguanidini hidrokloridi: miligramu 11 kwa mililita 1, milimola 100. Rangi yenye azaidi, kwa mfano rodamini-azaidi, iyeyushe kwenye kiyeyusho cha DMSO kufikia milimola 5, igawe maikrolita kumi kumi, funika kwa karatasi ya aluminiamu, weka kwenye friza ya nyuzi −20. Rangi hizi ni ghali na huchukua muda kufika, kwa hiyo usikubali kichupa kimoja kigandishwe na kuyeyushwa kila wiki.

Askobati ya sodiamu ndiyo inayohitaji nidhamu. Miligramu 20 kwenye mililita 1 ya maji ni kama milimola 100. Itengeneze siku hiyo hiyo. Ikiwa nzima haina rangi, iko kama maji. Ikianza kuwa ya njano imeshaharibiwa na hewa, imwage. Njia inayookoa muda ni kupima miligramu 20 za unga mkavu kwenye vichupa kadhaa kwa mkupuo mmoja, kuvifunga vizuri, kisha siku ya kazi unaongeza maji tu.

Askobati ina thamani hiyo yote kwa sababu salfeti uliyoipima ni ya shaba(II), ambayo haichochei mmenyuko huu. Askobati huipa elektroni moja ikawa shaba(I). Oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji nayo huirudisha kuwa shaba(II), na njiani huzalisha peroksidi ya hidrojeni na chembe kali zinazochoma histidini na sisteini za protini yako. Askobati iliyotumika hugeuka dehidroaskobati, nayo hunasa kwenye laisini na ajinini, asidi amino nyingine za protini. Protini zinaungana zenyewe kwa zenyewe, na unaona ukungu mzito juu ya jeli badala ya mistari. Aminoguanidini imewekwa ili iidake dehidroaskobati kabla haijafika kwenye protini. Ligandi nayo huikumbatia shaba ili isizurure, huisaidia ibaki shaba(I), na chembe kali zinapozaliwa karibu nayo yenyewe ndiyo inayoungua kwanza. Ndiyo maana ligandi huwekwa mara tano ya shaba, wala si sawa kwa sawa.

Kuchanganya, kwa mpangilio huu

Kwa sampuli ya maikrolita 200, anza na maikrolita 171.5 za laiseti yenye protini miligramu 1 kwa mililita, ambayo imeshakaa na probu kwa saa moja. Ongeza maikrolita 1 ya rangi, ifikie maikromola 25.

Pembeni, kwenye kichupa kingine, changanya salfeti ya shaba maikrolita 2.5 na THPTA maikrolita 5 kwa kila sampuli. Acha dakika mbili tatu. Hatua hii usiiruke. Ukidondosha salfeti ya shaba peke yake kwenye bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya fosfeti yenye protini, shaba huanza kushikana na fosfeti na histidini kabla ligandi haijafika, na wakati mwingine utaona wingu la buluu mpauko likitanda chini ya ncha ya pipeti. Likishatanda halirudi nyuma kirahisi. Shaba iliyokwisha kushikwa na ligandi huingia bila wingu lolote.

Weka maikrolita 7.5 za mchanganyiko huo kwenye laiseti, kisha aminoguanidini maikrolita 10, na mwisho kabisa askobati maikrolita 10. Umepata shaba milimola 0.25, THPTA 1.25, aminoguanidini 5 na askobati 5. Funga kichupa, kipindue taratibu mara chache, kiache saa moja mahali penye giza. Usikitikise kwa nguvu wala kukiweka kwenye vorteksi: kila povu ni oksijeni mpya. Tumia kichupa kidogo kinachokaribia kujaa ili nafasi ya hewa iwe ndogo. Saa ikitimia, zima mmenyuko kwa EDTA, kemikali inayonyakua shaba, ya milimola 10.

Maelekezo mengi ya zamani hutumia shaba milimola 1, TBTA (ligandi nyingine) maikromola 100 na TCEP (inayofanya kazi ya askobati) milimola 1. Yanafanya kazi, na watu wamechapisha makala nyingi kwa kuyafuata. Lakini TBTA haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo laiseti huwa nyeupe kama maji ya mchele na sehemu ya protini huanguka chini. Kama protini zako zinaishia kwenye jeli ya SDS (sabuni inayokunjua protini), hilo linavumilika. Kama unataka protini ibaki hai, chagua THPTA na upunguze shaba hadi milimola 0.1.

Wanaoiba shaba

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, maana mwizi huwa ameingia siku ya kupasua seli, mapema kabla hujagusa shaba. Soma kibandiko cha vidonge vya kuzuia proteasi: vingi vina EDTA, na EDTA hushika shaba kuliko ligandi yako. Nunua vile visivyo nayo. DTT na beta-merkaptoethanoli ni thioli, nazo huing'ang'ania shaba(I). Isitoshe, kwa probu ya iodoasetamidi, DTT huimaliza probu yenyewe kabla haijaona protini. Bafa ya Trisi nayo hushindana na ligandi. Tumia HEPES au fosfeti ya sodiamu, pH kati ya 7 na 8. Kloridi isizidi milimola 200.

Glutathioni, thioli ndogo ya seli yenyewe, watu huisahau kwa sababu hawakuiweka wao. Imo ndani ya seli kwa kiwango cha milimola, na ukipasua seli kwenye bafa kidogo unabaki nayo nyingi. Pitisha laiseti kwenye safu ndogo ya kuchujia chumvi kabla ya kuweka probu: glutathioni inabaki kwenye safu, protini zinapita. Ipitishe tena baada ya probu kama umetumia probu nyingi. Fikiria hesabu yake: ukiweka probu maikromola 50 na rangi maikromola 25, probu iliyobaki huru itakula karibu rangi yote, na protini zitaambulia mabaki. Ama uiondoe, ama uanze na probu maikromola 10.

Protini zenye mkia wa histidini sita hukusanya shaba pia. Kwa hizo ongeza shaba na ligandi pamoja, uwiano ukibaki mmoja kwa tano.

Kisha kuna azaidi ya sodiamu, ile inayowekwa kwenye bafa na kingamwili zisiote bakteria. Hiyo nayo ni azaidi: itaungana na alkaini ya probu yako, na mkia ukishafungwa rangi haina pa kushika.

Kukunjua protini kwa SDS asilimia 1 baada ya hatua ya probu husaidia mikia iliyojificha ifikike, na mmenyuko huvumilia SDS vizuri. Ila bafa isiwe ya potasiamu. SDS na potasiamu hutengeneza unga mweupe usioyeyuka, na watu huudhania ni protini.

Jaribio la kumarini

Usipoteze laiseti kutafuta kosa. Tumia 3-azido-7-hidroksikumarini, molekuli ambayo haing'ai mpaka azaidi yake igeuke triazoli. Weka maikromola 50 za hiyo na maikromola 100 za alkoholi ya propajili kwenye bafa yako (vaa glavu, alkoholi hii ni sumu na hupenya ngozi), ongeza shaba na ligandi, kisha askobati. Mulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Kichupa kinachoanza giza na kuwa cha buluu kali ndani ya dakika chache kinakuambia kemikali zako ni nzima, bila kuhitaji kifaa chochote cha kusomea.

Rudia jaribio hilo mara tatu kwa mabadiliko: kwenye maji matupu, kwenye bafa ya kupasulia, na kwenye laiseti isiyo na probu. Maji yaking'aa na bafa ikabaki giza, mwizi yumo kwenye bafa. Bafa iking'aa na laiseti ikabaki giza, shuku glutathioni. Vyote vitatu viking'aa na jeli bado ni tupu, sasa unayo haki ya kuigeukia probu. Na kama hata maji hayang'ai, tazama rangi ya askobati kwanza.

Kusoma jeli

Hakuna jeli ya kuaminika bila njia nne (vijia vya kupakia sampuli) kando kwa kando: yenye kila kitu, yenye DMSO badala ya probu, yenye probu lakini bila shaba, na ile ambayo protini zilizibwa kwa kizuizi kisicho na mkia kwa dakika 30 kabla ya probu. Mstari unaofifia kwenye njia ya nne ndio wenye maana. Mstari uliopo kwenye njia ya pili ni rangi iliyoganda kwenye protini. Ukitumia biotini-azaidi badala ya rangi, tarajia mistari karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 130 na 75 hata pasipo probu: hizo ni kaboksilesi, vimeng'enya vya mitokondria, zenye biotini yake ya asili.

Rangi iliyobaki huru iondoe kwa methanoli na klorofomu. Kwa maikrolita 100 za sampuli weka methanoli 400, klorofomu 100, maji 300, kisha zungusha kwenye sentrifuji. Protini hutanda kama utando mwembamba kati ya tabaka mbili. Nyonya tabaka la juu polepole ukiuacha utando, ongeza methanoli 300, zungusha tena. Shaba na rangi huondoka pamoja. Wakati wa kuendesha jeli, acha bromofenoli ya buluu itoke chini kabisa, maana nayo hung'aa kwenye skana na huficha protini ndogo. Ukishapiga picha ya mng'ao, paka Coomassie, rangi inayoonyesha protini zote, kwenye jeli hiyo hiyo ili uone kama kila njia ilipakiwa sawa.

Tahadhari mbili za hatari. Azaidi ya sodiamu isikutane na chumvi za shaba kwa wingi wala kumwagwa kwenye sinki lenye mabomba ya shaba au risasi, kwa sababu azaidi za metali hizo hulipuka zikikauka. Isikutane na asidi pia, maana hutoa asidi ya hidrazoiki, gesi yenye sumu kali. Taka za shaba ziwe na chombo chake.

Haya yote ni kwa seli zilizopasuliwa. Seli hai haziivumilii shaba huru, na ukilazimika kuitumia chukua ligandi ya BTTAA badala ya THPTA, shaba kidogo, dakika chache tu. Njia nyingine ni kuiacha shaba kabisa: probu ibebe azaidi na rangi ibebe DBCO, pete ya alkaini iliyobanwa hadi ikawa tayari kumenyuka yenyewe. DBCO hushika thioli pia, kwa hiyo seli zikishapasuliwa, ziba sisteini kwa iodoasetamidi kwa dakika 30 gizani kabla ya kuiongeza.